Tulivyolala Richfield Tukielekea Baharini

Mume wangu ana ugonjwa wa pakeji. Dukani, akiona sabuni moja na kando yake sabuni tatu zilizofungwa pamoja kwa nailoni, atachukua hizo tatu, hata kama nyumbani tunazo kumi. Kwa hiyo tulipoamua, baada ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, kupanda meli ya utalii kwa wiki moja, sikushangaa aliponiita mezani anionyeshe kwenye kompyuta hoteli moja ya karibu na uwanja wa ndege, pembeni mwa Richfield. Hoteli ilikuwa na pakeji ya wasafiri wa meli: unalala usiku mmoja, unaacha gari kwenye maegesho yao siku nane, basi dogo la hoteli linakupeleka uwanjani, na asubuhi unakula mayai bure.

"Bure kabisa," alisema, kana kwamba mayai yamevumbuliwa siku hiyo.

Sisi tunakaa Blaine, huku Minnesota, Amerika. Kutoka mlangoni kwetu hadi uwanja wa ndege ni nusu saa, na kidogo zaidi barabara ikijaa. Nikamuuliza kwa nini tukalale hotelini wakati kitanda chetu kiko palepale juu ya ngazi.

"Mama, watu wanaosafiri kwa meli hulala hotelini siku moja kabla. Soma hapa."

Nikasoma, na kweli ndivyo ilivyoandikwa. Ambacho hatukukiona, mimi wala yeye, ni kwamba watu wenye akili hulala karibu na bandari, si karibu na nyumbani kwao. Meli yetu ilikuwa ikiondoka Florida Jumamosi alasiri, na ndege yetu ilikuwa ikiruka kutoka uwanja huohuo wa Minneapolis asubuhi ya Jumamosi hiyohiyo. Mimi ni muuguzi. Kazini nasoma maagizo ya daktari mara mbili kabla sijagusa kidonge. Haya niliyasoma mara moja, nikaenda kuangalia wali jikoni.

Palikuwa na njia nyingine. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa hukohuko Richfield, katika nyumba ndogo iliyo chini kabisa ya njia ya ndege. Ndege ikipita, hunyamaza katikati ya sentensi, anangoja, kisha anaendelea pale alipoachia. Mbele ya gereji yake pana nafasi ya magari mawili, naye ana moja. Mumewe alifariki miaka sita iliyopita na watoto wameolewa mbali. Angetulaza, angetupikia chai ya maziwa, na kutushusha mlangoni mwa uwanja. Lakini tulipompa habari za meli alituangalia kwa zamu, kisha akaniuliza mimi:

"Kwa hiyo mnalipa mkafungiwe wiki nzima na wazee wa Kizungu. Wifi, si hiyo ndiyo kazi yako ya kila siku kule Plymouth? Na kule si wao ndio wanakulipa?"

Nilicheka, kwa sababu ni kweli nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Plymouth. Mume wangu hakucheka. Tukiwa garini alisema, "Kwake hatulali. Atatuhubiria mpaka mlango wa ndege ufungwe." Hata habari za hoteli hatukumwambia. Tulimwambia tunatoka nyumbani alfajiri.

Sasa, mume wangu ni mwenyekiti wa chama cha wanaume kanisani kwetu. Jumapili ya mwisho kabla ya safari alisimama wakati wa matangazo, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mtukumbuke katika maombi. Mimi na mama tunaelekea baharini." Neno baharini alilitamka polepole ili liwafikie na wale wa viti vya nyuma, ambao kwa kawaida hawafikiwi na kitu. Tukaitwa mbele, tukawekewa mikono. Mzee mmoja wa kanisa akakemea mawimbi, akakemea tufani, na alipopata moto akakemea papa. Ilikuwa Februari, Minnesota. Theluji ilikuwa imefika kwenye vizingiti vya madirisha ya kanisa, na watu wazima, wauguzi na wahasibu, walifumba macho wakapambana na papa. Hakuna aliyeikumbuka theluji.

Ijumaa alasiri tukafungasha na kwenda hotelini. Binti yetu, ambaye yuko chuoni na alikuwa amekuja kutuangalizia nyumba, alitusaidia kubeba masanduku hadi garini. Anaelewa Kiswahili chote na hujibu kwa Kiingereza. Akatuuliza kwa Kiingereza kama tunajua kwamba tunaenda kulala karibu na duka ambako huwa tunanunua ndizi. Baba yake akamwambia afunge mlango, baridi inaingia.

Tulipewa chumba ghorofa ya tatu, kinachotazama maegesho. Ukiwa kitandani uliweza kuliona gari letu, likiwa na karatasi ya waridi kwenye dashibodi iliyoandikwa tarehe ya kurudi. Mume wangu aliipiga picha ile karatasi. Alipiga picha kitanda, mashine ya kahawa, na taulo zilizokunjwa. Kisha tukashuka mapokezi, ambako wazee wa Kizungu waliovaa fulana zinazofanana walikuwa wamekaa wakila karanga. Mmoja wao akatuambia meli yao inaondoka Jumapili, kwa hiyo watalala Florida usiku mmoja kwanza.

"Yetu inaondoka kesho saa kumi," mume wangu akasema kwa fahari.

Yule mzee akatafuna karanga yake hadi ikaisha. "Nyinyi ni watu jasiri," akasema.

Mume wangu alilichukua neno hilo kama sifa, akalirudia hadi chumbani.

Msichana wa mapokezi alikuwa ametuambia kwamba huenda kesho kukawa na theluji kidogo. Nimeishi huku miaka kumi na minane na bado sijajifunza kwamba mtu wa Minnesota akisema kidogo, unatakiwa ukanunue mkate na betri. Asubuhi nilipofungua pazia, gari letu halikuwepo. Lilikuwepo, lakini maegesho yote yalikuwa vichuguu vyeupe, na sikuweza kusema kichuguu kipi ni chetu.

Mayai yalikuwa ya unga. Tulikula, tukapanda basi la hoteli. Dereva wake alikuwa Mkongomani wa makamo, mtu mtulivu, ambaye alitusikia tukibishana kuhusu pasipoti na akatugeukia. "Jambo, mama. Jambo, papa. Munaenda wapi na hii baridi?" Alikuwa ametokea mashariki ya Kongo, akaletwa huku kama mkimbizi na familia yake. Mume wangu akamweleza habari za meli kinaganaga: mabwawa mawili, ukumbi wa muziki, na chakula kisichokwisha. Dereva akawa anaitikia "ndiyo papa", yaani ndiyo baba, huku macho yake yakiwa barabarani, ambayo haikuonekana.

Uwanjani tulikaa saa tano. Kwanza ndege ilichelewa, kisha ikachelewa tena, kisha ubao ukaandika kwa herufi nyekundu kwamba haiendi. Kwenye foleni, mwanamke wa shirika la ndege alibonyeza kompyuta yake kwa muda mrefu, kisha akasema anaweza kutupatia viti Jumatatu jioni.

"Meli inaondoka leo," mume wangu akamwambia.

"Pole sana," akasema mwanamke. Alisema kwa upole wa kweli, jambo lililofanya iwe vigumu kumkasirikia.

Tuliipigia simu kampuni ya meli. Sauti iliyotujibu ilitueleza kwamba meli haingoji abiria, na kwamba ndiyo sababu wao huwashauri wateja wafike bandarini siku moja kabla. Mume wangu akasema tulikuwa na hoteli siku moja kabla. Sauti ikauliza hoteli hiyo iko wapi. Mume wangu akaniangalia, akaangalia sakafu, akasema, "Minneapolis." Sauti ikatutakia siku njema.

Basi la hoteli lilikuja kutuchukua, likiendeshwa na dereva yuleyule. Alipakia masanduku yetu bila swali. Tulipofika katikati ya njia akasema, "Ile bato imeenda bila nyinyi?"

"Meli imeenda," nikasema.

"Pole, mama. Miye nilipanda bato mara moja tu, ku ziwa Tanganyika, tulipokuwa tunakimbia. Hatukulala hoteli mbele ya kupanda."

Hakuwa anatudhihaki. Ndiyo maana niliona aibu hadi masikioni.

Nilidhani tunarudi kuchukua gari twende nyumbani. Mume wangu alikwenda moja kwa moja mapokezi akaomba chumba hadi Jumanne, siku ambayo kundi jingine la wasafiri wa meli lilikuwa limeshika hoteli yote. Nilimvuta pembeni.

"Baba, nyumba yetu iko Blaine."

"Tutasema nini?" akaniuliza. "Kanisa zima limetuombea. Tuonekane Jumapili kwenye viti vyetu, tumevaa makoti?"

"Tutasema ndege haikuruka. Hata Mungu ameiona theluji."

"Dada atacheka mpaka Pasaka," akasema, na hapo nikaelewa kwamba hatukuwa tunazungumzia kanisa.

Ningeweza kukataa. Naandika haya nikimcheka yeye, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na sababu yangu. Kazini nilikuwa nimeomba likizo ya wiki nzima, na nilijua nikionekana Blaine hata dirishani, simu ingelia: muuguzi fulani amekwama kwenye theluji, unaweza kuja shifti moja tu? Mimi sijui kusema hapana. Hoteli ilikuwa na kitanda ambacho mtu mwingine angekitandika. Nikachukua ufunguo. Nilimpigia binti yetu, nikamweleza. Akasema kwa Kiingereza kwamba sisi ni watu wa ajabu, na kwamba chakula kiko tele, tusiwe na haraka.

Hoteli ilikuwa na bwawa la ndani, dogo, lenye maji ya vuguvugu na harufu ya dawa iliyouma macho. Pembeni palikuwa na mnazi wa plastiki. Jumamosi hiyo jioni mume wangu alivaa shati lake la maua alilonunua kwa ajili ya safari, akaketi chini ya mnazi ule, akaniambia nimpige picha, lakini nisionyeshe ubao unaokataza watoto wasiofuatana na wazazi. Akaituma kwenye kundi la chama cha wanaume na maneno mawili: "Mungu mwema."

Majibu yakamiminika. Amina, mwenyekiti. Furahia bahari, mzee wetu. Mwingine akauliza kama ni joto huko. Akajibu kwamba ni joto sana.

"Unadanganya," nikamwambia.

"Nimesema ni joto. Hapa si joto?" Alikuwa akitokwa jasho. "Sijasema bahari. Wao ndio wamesema bahari."

Huyu ndiye mtu anayewafundisha vijana wanaotaka kuoa habari za kusema kweli.

Jumapili tuliamka tumechelewa, tukala mayai ya unga, na baada ya chakula cha mchana tukashuka tena bwawani. Nakiri nilikuwa nimeanza kufurahi. Nilielea chali nikitazama dari, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuna mtu aliyekuwa akiniita kwa kengele. Tulitoka kama saa tisa, mimi nimejifunga taulo kiunoni juu ya nguo ya kuogelea, yeye na shati lake la maua na ndala. Tulipofika kwenye ukumbi wa lifti tukasikia vigelegele.

Vigelegele havifanani na kitu kingine chochote, hasa Richfield, hasa Februari. Vilitoka kwenye chumba cha mikutano mwisho wa korido. Mlangoni palikuwa na puto za rangi ya dhahabu na jina la msichana mmoja wa kanisani kwetu anayekaribia kuolewa. Hapo nikakumbuka. Wanawake wa kanisa walikuwa wakimfanyia sherehe ya kumuaga. Mwaliko uliletwa hata kwangu, nikajibu kwamba nitakuwa safarini. Mahali pa sherehe sikupasoma, kwa sababu sikuwa nikienda.

"Ngazi," mume wangu akanong'ona.

Tukageuka kuelekea kwenye ngazi. Lifti ikafunguka nyuma yetu, na nikasikia sauti ya mtu anayesukuma kitu kizito. Wifi yangu alitoka akisukuma kigari cha hoteli chenye sufuria mbili za pilau zilizofungwa kwa taulo, amevaa kitenge kipya na kilemba. Alisimama. Alimtazama kaka yake kuanzia shati hadi ndala. Akanitazama mimi, maji yakinichuruzika kwenye zulia.

"Meli imetia nanga Richfield?" akauliza.

Ndege ikapita juu ya hoteli. Akangoja ipite, kwa mazoea.

Mume wangu akaanza kueleza: theluji, ubao mwekundu, mwanamke wa foleni. Alieleza haraka haraka, kama mtoto aliyevunja kikombe. Wifi alimsikiliza hadi mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, na nilitaka kije, kiishe. Hakucheka.

"Kwa hiyo mmelala hapa tangu jana."

"Tangu juzi," nikasema. Sijui kwa nini nilisema. Pengine nilikuwa nimechoka kuwa mke wa mtu asiyesema uongo.

"Tangu Ijumaa," akarudia. "Nyumba yangu iko dakika nane kutoka hapa. Kitanda cha wageni nimekitandika tangu Krismasi na hakuna aliyekilalia. Mlinitoroka mkaja kulala kwa wageni, ili nisiseme nini?"

"Dada, ungetucheka," mume wangu akasema.

"Ningewacheka. Kisha ningewapikia. Lini nilimcheka mtu nikamnyima chai?"

Ilikuwa kweli, na yeye alijua ni kweli. Mume wangu akaziangalia ndala zake, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, na maua yote yale kifuani.

Wifi akashika kigari chake. "Nendeni mkavae nguo," akasema. "Kisha mje mle. Na wewe, mwenyekiti, utawaeleza mwenyewe. Mimi sitakufichia, na sitakusemea."

Alieleza. Nilimpa heshima yake kwa hilo, na bado nampa. Aliingia katika chumba kilichojaa wanawake thelathini, mwanamume peke yake, amevaa koti lake la Jumapili, akasimama karibu na keki, akasimulia kila kitu pamoja na habari za mnazi wa plastiki. Bibi harusi mtarajiwa alicheka hadi akaketi sakafuni. Mke wa mchungaji alijifunika uso kwa leso, mabega yakimcheza. Mwanamke mmoja akauliza kama papa alionekana. Yule mzee aliyemkemea papa ni mumewe. Kufikia saa kumi na moja habari ilikuwa imefika kwa chama cha wanaume, na kufikia saa kumi na moja na nusu ilikuwa imefika Nakuru, Kenya, ambako ni usiku wa manane, maana mama mkwe alipiga simu kuuliza kama kweli mtoto wake amezama.

Baada ya sherehe nilimsaidia wifi kuosha sufuria kwenye sinki la nyuma. Akaniuliza chumba chetu kikoje. Nikamwambia ni cha kawaida tu, kitanda kikubwa na mashine ya kahawa. Akafunga bomba la maji.

"Nilipofika Amerika nilisafisha vyumba vya hoteli miaka minne," akasema. "Kumi na sita kwa siku. Sijawahi kulala hata katika kimoja."

Nilimjua kwa miaka yote hiyo na sikuwahi kulijua hilo. Nilijua anavyonyamaza ndege zikipita, nilijua maneno yake makali. Sikuwahi kumuuliza alikuja kufanya nini hapa kabla sijafika.

Jumatatu asubuhi mimi na wifi tulimwondoa mume wangu hotelini ili apishe kitanda. Alikwenda nyumbani kwa wifi, kwenye kile kitanda cha wageni, akiwa na orodha ya kazi aliyoandikiwa na dada yake: bawaba ya mlango wa jikoni, taa ya gereji, theluji ya mlangoni. Mchana wifi akaja chumbani kwangu hotelini na begi dogo, nguo ya kulalia mpya ikiwa bado na karatasi ya dukani. Kitu cha kwanza alichofanya ni kufunua shuka kwenye kona ya kitanda na kuguna.

"Nani alitandika hivi?"

Akakitandua chote, akakitandika upya, nikiwa nimesimama nimeshika mto kama mwanafunzi. Baadaye tulishuka bwawani. Hajui kuogelea na hakutaka kujifunza. Alikunja kitenge hadi magotini, akaketi ukingoni, miguu ndani ya maji ya vuguvugu, akanihadithia habari za marehemu mumewe mpaka vidole vyake vikakunjamana. Kuna mambo aliyoniambia ambayo sitayaandika.

Jumanne alikula mayai ya unga sahani mbili, akasema ni mabaya sana, akaenda kuongeza. Tuliporudi chumbani kuchukua mizigo alianza tena kukitandika kitanda. Mwanamke wa usafi, msichana mwenye asili ya Amerika ya Kilatini aliyekuwa mlangoni na kigari chake, akamwambia kwa upole aache tu, shuka zote zinakwenda kufuliwa.

"Najua," wifi akamjibu kwa Kiingereza chake cha polepole, akiendelea kulaza kona ya shuka kwa kiganja. "Najua, mwanangu. Dakika moja tu."

Msichana akaweka chini taulo alizobeba, akaja kushika upande wa pili.